Kunde za Barafuni

"Mwondoe mwanao shingoni mwa mti wangu, kabla sijamwondoa mimi kwa panga," alisema Bwana Mshindo.

"Huyo si mwanangu, huyo ni mkunde," alijibu Bi Nyamizi kutoka upande wake wa uzio, mikono kiunoni. "Na hajamkaba mtu. Kajishikiza tu. Mti wenyewe ungekuwa na afya ungefurahi kupata wa kushikana naye."

"Mti wangu una afya."

"Una majani mangapi, jirani? Njoo tuhesabu sote."

Bwana Mshindo hakutaka kuhesabu. Mtufaha wake ulikuwa na majani manne, na moja kati ya hayo alikuwa amelifunga kwa uzi.

"Miaka mitatu nimepanda kunde hapa," Bi Nyamizi aliendelea, "na miaka mitatu zinaruka uzio zinakuja kwako, na wewe unachuma majani yake usifikiri sikuoni. Leo imekuwaje?"

"Leo zimetajwa," alisema Bwana Mshindo, na sauti ikamshuka. "Zimetajwa bombani, mbele za watu, na Ofisa Mapande alikuwepo. Nikinyamaza, na mimi nimo. Nielewe, Bi Nyamizi. Nimeshapeleka taarifa."

Kwenye kizingiti, Somoe binti Lukali aliacha kuchambua mboga. Ugomvi wa majirani ni kitu ambacho siku nyingine angekivutia kigoda na kuuliza ulianzia wapi. Huu alijua ulianzia wapi. Ulianzia mdomoni mwake.

Somoe alikuwa mwuza mbegu, mwanamke wa barazani na wa sokoni, asiyeweza kupita penye watu watatu bila kuwa wa nne. Alifika Barafuni mwezi mmoja kabla na mfuko wa mtama, choroko, ufuta na mlonge, akidhani atauza kwa siku mbili aondoke. Hakuuza hata punje. Watu walizitazama mbegu zake kama mtu anayetazama nguo za ndani za mwenzake zilizoanikwa njiani, wakageuza uso. Bi Nyamizi ndiye aliyempa chumba, na Somoe akabaki, kwa sababu nchi ile ilimwasha. Kila alipotaka kulala alikumbuka jambo jingine ambalo hajaliuliza.

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Barafuni ni nchi ya mchanga mwekundu. Mvua yake huja mara mbili kwa mwaka, tena kwa kuibia, na jua lake saa nne asubuhi limeshakaa kichwani mwa mtu kama mtungi. Hakuna aliyewahi kuona barafu. Lakini mtawala wao wa kwanza aliwahi kuletewa zawadi ya kalenda ya ukutani kutoka mbali, yenye picha kumi na mbili za mashamba ya ugenini, mitufaha na mawaridi na nyasi laini, na Desemba theluji tupu. Aliitazama kalenda ile siku nzima. Kesho yake akatangaza kwamba hiyo ndiyo nchi yao, na iliyoko nje ya dirisha ni hitilafu itakayorekebishwa.

Tangu hapo kalenda hutundikwa ofisini kwa Ofisa wa Majira, ambaye sasa ni Bwana Mapande, na kila asubuhi Ofisa hutoka na kusoma hali ya hewa kutoka kwenye picha ya mwezi. Somoe alifika mwezi wa theluji. Aliwakuta watu wamevaa sweta, jasho linawachuruzika mpaka kwenye vifundo vya miguu, wakiamkiana, "Baridi leo, jirani," na mwingine akiitika, "Kali."

Mimea halali ni ile tu iliyomo kwenye picha. Kumi na moja inajulikana. Picha ya Julai inaonyesha mwanamke mwenye kofia kubwa ya maua, na Baraza limekaa vikao viwili likijadili kama kofia ile ni mmea. Wenye kusema ni mmea walishinda kwa kura tatu, na sasa kuna familia upande wa mashariki wa mji zinazomwagilia kofia.

Kila nyumba lazima iwe na mtufaha. Na kwa kuwa mtufaha ukipandwa ardhini pale hufa ndani ya wiki, hupandwa kwenye nusu pipa, pipa likawekwa juu ya toroli, na toroli husukumwa kufuata kivuli. Asubuhi kivuli kiko magharibi mwa nyumba, mti uko magharibi. Adhuhuri kivuli kinakuwa chembamba kama ukanda, na mwenye mti husimama ameubana ukutani, anausogeza kidole kwa kidole. Alasiri wote huvuka kwenda mashariki, barabara nzima toroli tupu, magurudumu yanalia, watu wanagombania kona. Katika Barafuni hakuna mtu anayekaa. Somoe, aliyezoea mazungumzo ya kumaliza birika zima la kahawa, hakuwahi kusikia hadithi ikafika mwisho. Mtu angeanza, "Basi yule binamu yangu, siku ya harusi," kisha atupe jicho kwenye kivuli, na hao, yeye na toroli lake. Ya binamu Somoe hayajui hadi leo.

Maji nayo yana utaratibu. Kila nyumba ina zamu, ndoo kumi na nne kwa wiki. Kumi na mbili za mti, mbili za watu. Bado miti inakufa, ikifa hupakwa rangi ya kijani, na Ofisa akipita huandika, "Unaendelea vizuri."

Sasa watu hao wanakula nini? Hilo ndilo Somoe alilolitafuta kwa bidii kuliko yote, na mwanamke mwenye kupenda watu hakosi mlango. Mbele ya kila nyumba palikuwa na meza yenye sahani na tufaha la udongo. Nyuma, kwenye ua wa jikoni, palikuwa na mtama, kunde, mbaazi, mlenda, vitu vinavyoota hata ukivitukana. Watu walivila wamesimama, haraka, mlango umefungwa. Hakuna aliyekuwa hajui. Lakini sheria ya Barafuni haimgusi mtu kwa kitu kilichopo. Humgusa kwa kitu kilichotajwa hadharani.

Bi Nyamizi alikuwa mjane, na mitufaha sita ilikuwa imemfia mikononi. Wa sita ulipokauka alichoka kupaka rangi. Akalitupa toroli, akapanda kunde na mtama mbele ya nyumba, peupe, na ndoo zile kumi na mbili akaanza kumwogeshea mama yake. Mama huyo, Bibi Mosi, hakuwa akiona. Nyumba ile aliijua kwa kiganja: ukuta huu hadi msumari, msumari hadi mlango, mlango hadi mtungi. Watu walipita wakazitazama kunde, wakasema, "Baridi leo," wakaenda zao. Miaka mitatu mambo yakawa hivyo.

Hadi Somoe aliposimama kwenye foleni ya bomba, ameshiba, moyo mweupe, akasema kwa sauti ya sokoni, "Wenzangu, mbona mnajitesa na hivi vijiti? Mmeonja kunde za Bi Nyamizi zilizoota pale mbele? Majani yake yanateleza kama hariri."

Foleni nzima ilitazama chini. Ofisa Mapande, aliyekuwa akikagua ndoo, alitoa kalamu sikioni polepole, kama mtu aliyefikishiwa msiba wa ndugu wa mbali.

* * *

Hati ililetwa mchana uleule. Bwana Mapande aliisoma amesimama nje ya uzio, jasho likidondokea karatasi.

"Mmea usiomo kwenye Kalenda," alisoma, "utarudishwa katika nchi ambako huota wenyewe bila kubembelezwa, na mwenye udongo ataufuata, yeye na waliomo nyumbani mwake."

"Mama yangu nimpeleke wapi?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Hilo litaamuliwa na Jaji. Mimi nasoma tu, mama."

"Nimepanda mimi," alisema Somoe, akisimama. "Andika hivyo. Mimi mgeni, nina mfuko wa mbegu, ushahidi ni huu hapa. Nifukuzwe mimi."

Bwana Mapande aliutazama mfuko kwa huruma. "Sheria inataka mwenye udongo, dada. Wewe huna udongo. Una mdomo tu."

Somoe alizunguka mji ule siku mbili kama kuku aliyepotelewa na kiota. Aliingia majiko yote aliyoyajua, akaomba mashahidi. Kila mahali alipewa chakula na kila mahali alikataliwa. Mwanamke mmoja alimpakulia kunde bakuli zima, akamwambia huku anamwongezea, "Mimi kunde sizijui kabisa, shoga yangu. Nitaendaje kusema kitu nisichokijua?" Aliporudi nyumbani jioni alimkuta Bibi Mosi anatembea ukutani, kiganja mbele, taratibu, akihesabu hatua zake kwa mnong'ono. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa anajifunza nyumba upya, au anaiaga. Somoe hakuthubutu kuuliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kukutana na swali akaliacha lipite.

Siku ya tatu mahakama ilikaa uwanjani. Jaji Dodoli alikuwa kwenye kiti kilichofungwa juu ya toroli moja na mtufaha wake, ili kivuli kikihama na sheria ihame nacho. Watu walikuja na miti yao. Bi Nyamizi alisimama katikati, na kando yake Bibi Mosi alikalishwa juu ya kigoda, akigeuza sikio huku na huku.

"Kosa halina mjadala," alianza Jaji. "Kunde zimetajwa. Kilichobaki ni kujua zinarudishwa wapi. Ofisa, kunde kwao ni wapi?"

Bwana Mapande alifungua Kalenda, akapekua Januari hadi Desemba. "Hazimo, Mheshimiwa."

"Najua hazimo. Nauliza zinatoka wapi."

"Kusini, labda."

"Sogezeni," alisema Jaji, kwa maana jua lilikuwa limemfika bega. Mahakama ikasukumwa hatua nne. Wazee wawili walikosana kwa sababu ya kona, wakapatanishwa, kikao kikaendelea.

"Kusini hapana," alisema mjumbe mmoja wa Baraza. "Kusini ni majaruba ya mpunga na matope. Kunde ukiziweka kwenye maji yaliyotuama zinaoza mizizi."

"Umejuaje?" aliuliza Jaji.

Mjumbe alikohoa. "Nimesikia."

"Basi milimani."

"Milimani kuna umande mwingi, zinashikwa na ukungu," alisema mama mmoja kutoka nyuma, kisha akajificha nyuma ya mtufaha wake, mti mwembamba usiotosha kuficha hata mkono.

Jaji alipangusa shingo. "Tuende kwa utaratibu. Ofisa, taja sifa za nchi ambako kunde huota bila kubembelezwa."

Bwana Mapande alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, na hilo ndilo lililomponza. Alihesabu kwa vidole. "Iwe na joto, Mheshimiwa. Jua la kutosha. Mvua chache, za misimu miwili. Udongo uwe wa kichanga, unaopitisha maji. Mwekundu ni mzuri zaidi."

Uwanja mzima ukatazama miguuni. Mchanga ulikuwa pale, mwekundu, umeingia mpaka kwenye makucha.

"Ni mbali, nchi hiyo?" aliuliza Jaji, kwa sauti ndogo.

"Haiwezi kuwa mbali sana, Mheshimiwa."

Bwana Mshindo aliitwa kama mlalamikaji. Alikuja na toroli lake, hakuwa na wa kumwachia. Mkewe alikuwa amerudi kwao tangu mavuno, akisema ameolewa na mwanamume lakini anaishi na gurudumu. "Mmea ulivuka uzio," alisema Bwana Mshindo. "Ukaukamata mti wangu. Basi." Aliulizwa kama mti umedhurika. Aliugeuza mti kidogo, akasema, "Upande ule uliofunikwa na kunde ndio wenye majani." Waliokuwa karibu walimwona anatamani kuyameza maneno yale.

Hapo Somoe alinyoosha mkono, na kabla hajaruhusiwa alikuwa ameshafika mbele.

"Mheshimiwa, mimi nimetoka nje, lakini nimekula hapa mwezi mzima. Nimekula kunde katika majiko kumi na tisa ya mji huu. Kumi na tisa. Zote zimeota nyuma ya nyumba, hakuna aliyezisukuma, hakuna aliyezipepea. Kama mnatafuta nchi yao, mimi nimeshaizunguka yote kwa miguu."

Gurudumu moja lililia mahali, likanyamazishwa kwa mguu.

"Majiko ya nani?" alisema Jaji Dodoli, akiinama mbele. "Taja majina."

Somoe aligeuka. Aliwaona wote. Aliyempakulia bakuli zima alikuwa pale, na binti aliyemsuka nywele, na mzee aliyemkopesha mkeka. Katika mstari wa kwanza, ndani ya sweta la buluu lenye vifungo vya shaba, alikaa mke wa Jaji, ambaye wiki iliyopita alikuwa amempa Somoe mtama wa kukaanga na kumwambia siri tatu. Maisha yake yote Somoe hakuwahi kuwa na majina mengi matamu namna ile ulimini, na uwanja mzima ukimsubiri. Alihisi yanamwasha. Angeyataja, Barafuni yote ingefukuzwa siku moja, na angekuwa na kisa cha kusimulia hadi uzee.

"Majina yamenitoka, Mheshimiwa," alisema. "Nakumbuka hesabu tu. Ila kama ni lazima, nipe mpaka kesho nizungukie tena, yatanirudia moja moja. La kwanza naona kama linaanza kunijia sasa hivi."

Mke wa Jaji aliinuka, akatengeneza vifungo vyake, akamtazama mumewe. Ilikuwa namna ya kutazama ambayo wanaume walioko kwenye ndoa ndefu huielewa kwa mgongo.

"Sogezeni," alisema Jaji, ingawa jua lilikuwa bado mbali.

Wakasogea. Akaomba maji, akanywa. Akanong'onezana na Bwana Mapande kwa muda ambao wengine walihamisha miti mara mbili. Kisha akasoma hukumu, na hukumu yenyewe Somoe aliisikiliza huku ameshika bega la Bibi Mosi, asijue kama anamshikilia au anajishikilia.

Mahakama, alisema Jaji, imejiridhisha kwamba kunde huota bila kubembelezwa katika nchi yenye joto, mvua chache na mchanga mwekundu. Nchi hiyo kisheria si Barafuni, kwa kuwa Barafuni ni baridi. Uchunguzi umeonyesha kwamba nchi hiyo ipo, na mipaka yake inaanzia kwenye uzio wa Bwana Mshindo na kuishia kwenye ukuta wa jikoni wa mshtakiwa. Kwa hiyo ua wa Bi Nyamizi unatangazwa kuwa nchi ya nje tangu leo, na mshtakiwa, mama yake na kunde zake wanahamishiwa huko maisha. Zamu ya maji imefutwa, maana Barafuni hainyweshi wageni. Raia haruhusiwi kuvuka bila kibali cha wenye nchi ile.

"Umeelewa adhabu yako?" aliuliza.

"Naenda nyumbani," alisema Bi Nyamizi.

"Unaenda uhamishoni."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Huko huko."

Alimwinua mama yake. Bibi Mosi alimuuliza wanakwenda wapi, akajibiwa, na akaanza kutembea kwa haraka kuliko alivyokuja.

* * *

Asubuhi iliyofuata Bwana Mapande alikuja na ndoo ya chokaa, akachora mpaka kuzunguka ua, akapachika kibao, akaondoka bila kusalimu, kwa kuwa hakujua wageni wa nchi ile wanasalimiwaje. Bila ndoo za zamu kulikuwa na mtungi mmoja wa maji ya kukinga mapaani, na Bi Nyamizi alikuwa ameshaupima kwa kijiti: ukitumika kwa akili, utafika mvua. Kunde hazikuwa zimeomba chochote.

Somoe alifunga mfuko wake ili aondoke, akaufungua. Akaufunga tena. Alitoka, akasimama kwenye chokaa, mguu mmoja huku na mwingine kule, akarudi ndani.

"Kaa basi," alisema Bi Nyamizi. "Unanizungusha macho. Lililotoka limetoka, na mwishowe ni wewe uliyetuokoa kwa kuyanyamazia majina. Lete sinia."

Alikuwa amepika ugali wa mtama, na majani ya kunde ameyaunga kwa karanga. Somoe alilipeleka sinia nyuma, kwenye ua wa jikoni, kama alivyozoea kula Barafuni. Bi Nyamizi akamrudisha. Mkeka ulitandikwa mbele ya nyumba, kati ya mtama, ambao ulikuwa umerefuka kuzidi mtu na ulikuwa na kivuli chake wenyewe. Bibi Mosi alikalishwa hapo, akayagusa mabua moja moja, akiyahesabu.

Ilikuwa adhuhuri. Barabarani watu walikuwa wamebana miti ukutani, wanaisogeza kidole kwa kidole, na harufu ya karanga iliwapitia wote bila kubisha. Hakuna aliyetazama. Walivuta pumzi tu, ndefu, kila mmoja kwa zamu yake.

Bwana Mshindo ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Toroli lake lilikuwa limefika mwisho wa kivuli, gurudumu limegusa chokaa. Tangu mkewe aondoke alikuwa hajala akiwa ameketi. Aliutazama mkunde uliokuwa umeushika tena mti wake, kwa kuwa panga hakuwahi kulileta, akautazama mpaka, akautazama mkeka.

"Bi Nyamizi," alisema, bila kuinua sauti. "Mimi ndiye niliyepeleka taarifa."

"Najua. Ulinieleza mwenyewe."

"Niliogopa."

"Hilo nalo najua."

Akashika mpini wa toroli. Kivuli kilimwacha bega, kikamwacha mkono. Hakusogea nacho. Somoe, kwa mara ya tatu ndani ya wiki ile, aliuma ulimi wake na kungoja.

"Kibali cha kuvuka," Bwana Mshindo aliuliza mwishowe, "kinatolewa ofisi gani?"

Bi Nyamizi alimega tonge, akampa mama yake mkononi, kisha akasogea pembeni, na mahali pa mtu mmoja pakaonekana kwenye mkeka.

"Ofisi ndiyo hii. Liache toroli hapo hapo, lina magurudumu, likitaka litajiendea. Pita ndani, jirani, unawe, ugali unapoa."